UZI: Umeme ukikatika usiku, samaki wanahitaji hewa ya wati 5, si inveta ya wati 1000

Mwanzisha uzi (Tabata, Dar es Salaam)

Habari zenu wakuu.

Nafuga samaki wa Ziwa Tanganyika katika tangi la kioo la lita 300 lililoko sebuleni. Mwezi Februari, katika joto lile ambalo mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa, umeme ulikatika saa tatu usiku. Sikushtuka hata kidogo, kwa sababu nilikuwa na inveta ya wati 1000 na betri ya gari ya ampea-saa 70 niliyoinunua ikiwa imetumika, na kichujio cha mtungi, kile kinachozungusha na kusafisha maji, kiliendelea kunguruma kama kawaida. Nikalala fofofo. Nilipoamka saa kumi na moja alfajiri nyumba ilikuwa kimya, inveta imezima, na nilipomulika tangi kwa tochi ya simu niliona samaki wote wamejipanga juu kabisa, midomo imegusa uso wa maji, mashavu yanapanda na kushuka kwa kasi. Frontosa wawili wakubwa, ambao niliwalea tangu wakiwa na urefu wa kidole, walikuwa wamelala ubavu chini ya jiwe. Wa tatu alikufa mchana wake. Wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono hawakupungua hata mmoja.

Kwa wiki kadhaa niliamini kwamba tatizo lilikuwa udogo wa betri, na nilikuwa tayari kukopa fedha ninunue mbili kubwa. Kabla ya kufanya hivyo nilichukua karatasi na kalamu, na hesabu ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi huu.

Kichujio changu kinakula wati 25. Inveta yenyewe, hata ikiwa haijaunganishwa na kitu chochote, inakula takriban wati 12 kwa ajili ya kujiendesha tu. Ukijumlisha na kiasi kinachopotea njiani, betri ilikuwa inatoa zaidi ya wati 40 muda wote. Betri mpya ya ampea-saa 70 kwa volti 12 ina wati-saa 840, lakini betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu ikiwa unataka idumu, na betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kutoa kidogo kidogo usiku kucha. Yangu ilikuwa imechoka, kwa hiyo ilidumu saa tano hivi. Maana yake kichujio kilisimama saa nane usiku, mimi nikiwa ndotoni.

Hesabu ya pili ndiyo iliyonitoa jasho. Maji baridi (yaani yasiyo ya chumvi) yenye nyuzijoto 28 yakishiba hewa kabisa hubeba takriban miligramu 7.8 za oksijeni kwa lita moja. Tangi langu lote la lita 300, ambalo watu wanne hawawezi kulinyanyua, lina oksijeni isiyozidi gramu mbili na nusu. Samaki wa nchi za joto aliyetulia hutumia kwa makadirio miligramu 200 hadi 300 kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa, na mimi nilikuwa na zaidi ya kilo mbili za samaki mle ndani, jambo ambalo nakiri ni msongamano. Oksijeni ikishuka kuelekea miligramu 3 kwa lita, samaki wengi huanza kutaabika. Ukipiga hesabu hiyo unapata saa tatu hivi tangu maji yasimame, na hapo sijahesabu bakteria wa kwenye kichujio ambao nao wanapumua, wala chakula kingi nilichowapa jioni ile, maana samaki anayesaga chakula hutumia oksijeni zaidi.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kitu gani hasa kinachotakiwa kisisimame. Taa inaweza kuzima siku nzima bila madhara. Kulisha kunaweza kuachwa kwa siku mbili au tatu, na samaki mzima mwenye afya hatadhurika. Kichujio kikubwa kinaweza kusimama kwa muda. Kitu kisichoweza kusubiri ni uso wa maji kutikisika ili hewa iingie, na kazi hiyo inafanywa na pampu ndogo ya hewa ya wati 4 au 5. Nilikuwa nabeba mzigo wa gunia kwa ajili ya kitu cha kujaza kiganja.

Sasa natumia pampu ya hewa ya volti 12 inayopokea umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri bila inveta, na betri ya jeli ya ampea-saa 18. Hiyo ni wati-saa 216, na hata nikitumia nusu tu napata saa 21. Betri ya robo ya ile ya kwanza inadumu mara nne. Pampu hiyo inasukuma hewa kwenye kichujio cha sponji, si kwenye jiwe la hewa peke yake, kwa sababu viputo vinapopanda ndani ya bomba la sponji huvuta maji kupita kwenye sponji, na bakteria wanaokula amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, wanaendelea kuishi. Kwa sisi wenye samaki wa Tanganyika hilo si jambo dogo. Maji yetu yana pH (kipimo cha uasidi) ya juu, karibu na 9, na katika pH 9 zaidi ya theluthi ya amonia iliyomo iko katika hali ya sumu, wakati katika pH 7 haifiki hata asilimia moja.

Naomba uzoefu wenu, hasa kuhusu namna ya kufanya pampu iwake yenyewe umeme unapokatika nikiwa kazini au nimelala. Kwa sasa naichomeka kwa mkono.

Mchangiaji wa 2 (Sinza)

Pole sana mkuu kwa frontosa. Mimi nina tangi dogo la lita 60 na natumia pawabanki ya simu yenye mAh 20,000 pamoja na pampu ndogo ya USB. Muuzaji aliniambia itakaa siku mbili. Je, ni kweli?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, muuzaji hakukudanganya sana, ila kuna mitego miwili. Ile mAh 20,000 imepimwa kwa volti 3.7 za ndani, kwa hiyo ni wati-saa 74, na zikipandishwa kufikia volti 5 unabaki na kama 60. Pampu ya USB ya wati 1.5 itakwenda saa 40 kwa hesabu hiyo, tuseme siku moja na nusu kama pawabanki ni halali, kwa maana maduka yetu yamejaa zile ambazo namba ya juu ni kubwa kuliko kilichomo ndani.

Mtego wa kwanza ni kwamba pawabanki nyingi hujizima zikiona kinachovutwa ni kidogo mno, kwa kudhani simu imeshajaa. Ukiwa na pampu ndogo sana inaweza kuzima baada ya nusu dakika. Iwashe, kaa mbele yake kwa muda wa kunywa chai, ndipo uiamini. Mtego wa pili ni kuiacha kwenye chaja huku pampu imechomekwa. Baadhi hazitoi umeme zinapochajiwa, na baadhi hukata kwa sekunde moja umeme wa ukutani unapoondoka, kisha hazirudi mpaka ubonyeze kitufe. Jaribu kwa kuchomoa chaja mwenyewe mchana.

Kwa tangi la lita 60 ningekushauri UPS ndogo ya ruta (kisanduku chenye betri ndani), zile ambazo watu walizinunua kwa wingi ili intaneti isikatike wakati wa mgao. Zimetengenezwa zikae kwenye umeme muda wote na kuhama zenyewe bila kukata, na nyingi zina tundu la volti 5 pembeni. Yenye wati-saa 32 itasukuma pampu yako zaidi ya nusu siku. UPS ya kompyuta sikushauri. Betri yake ya ampea-saa 7 ina wati-saa 84, lakini mashine yenyewe inakula kuliko pampu yako, inapiga kelele usiku kucha, na nyingi za bei nafuu hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi ambao hufanya pampu za sumaku zingurume na kupata moto.

Mchangiaji wa 3 (fundi wa umeme wa magari, Ilala)

Mkuu, ulichoomba ni kazi ya rilei moja tu, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Nenda kwenye duka lolote la vipuri vya umeme wa gari, omba rilei ya volti 12 ya pini tano, ile ya taa na honi. Chini yake utaona namba 30, 85, 86, 87 na 87a. Chukua adapta yoyote ya volti 12 iliyochomekwa ukutani, nyaya zake mbili zipeleke kwenye 85 na 86. Chanya ya betri ipitie kwenye fyuzi ya ampea 2 ifike 30. Kutoka 87a nenda chanya ya pampu. Hasi ya pampu irudi hasi ya betri. Pini 87 iache wazi.

Umeme wa ukutani ukiwapo, koili ndani ya rilei inavuta ulimi na 87a inakuwa imeachana na 30, pampu imelala. Umeme ukikatika, koili inalegea, ulimi unarudi kwa springi, pampu inawaka. Utausikia mlio wake, "tik". Ukirudi, inazima yenyewe.

Kuna kosa moja ambalo nimelikuta kwa wateja wawili. Walichukua umeme wa koili kutoka kwenye chaja ya betri badala ya adapta ya peke yake. Chaja imeungana na betri, kwa hiyo umeme wa ukutani ukikatika, betri yenyewe inaendelea kuishikilia koili na pampu haiwaki kamwe. Adapta ya koili isiguse betri popote. Usishangae rilei ikiwa na joto la vuguvugu, ndivyo ilivyo, inakula kama wati 2 muda wote.

Fyuzi iwe karibu na betri, si karibu na pampu. Waya ukichubuka katikati, fyuzi iliyo mbali haikusaidii kitu. Chaja nayo iwe ile inayotulia kwenye volti 13.5 hadi 13.8 betri ikijaa, kwa sababu chaja ya gereji ya kuacha usiku kucha itakausha betri ya jeli ndani ya miezi.

Mchangiaji wa 4 (Arusha)

Wenzetu wa Dar mnaongelea joto, sisi huku mwezi wa Julai maji yanashuka usiku hata umeme ukiwapo. Nina tangi la lita 200 na hita ya wati 200. Umeme ukikatika usiku mzima, nifanyeje na hita?

Mwanzisha uzi

Mkuu, hita isahau kabisa kwenye betri. Ikiwaka kwa saa sita tu inakula wati-saa 1,200, ambayo ni betri mbili za ampea-saa 100 ukiheshimu ile nusu. Badala yake zuia joto lisitoke. Funika tangi kwa blanketi pande zote na juu, ukiacha upenyo wa mrija wa hewa na nafasi ya hewa kupita. Lita 200 hupoa polepole sana, na samaki anavumilia maji yanayoshuka taratibu kwa nyuzi chache kuliko kukosa hewa. Tena maji ya baridi kidogo yanabeba oksijeni nyingi zaidi na samaki anatumia kidogo, kwa hiyo katika jambo hili nyinyi mna nafuu kuliko sisi.

Watu huweka chupa za maji ya moto zikielea. Nimepiga hesabu yake: chupa ya lita 2 yenye nyuzijoto 70 katika tangi lako lenye nyuzijoto 23 itaongeza chini ya nusu nyuzi. Kwa tangi la lita 30 inafaa, kwako ni kujichosha na kumaliza gesi.

Kitu cha kuangalia ni umeme unaporudi. Ikiwa maji yamepungua na hita imebaki nje ya maji, itawaka ikiwa kavu na kioo chake kinaweza kupasuka.

Mchangiaji wa 5 (Kigoma)

Nimefurahi kuona samaki wa kwetu wanajadiliwa kwa hesabu. Niongeze jambo kutoka upande wa wanaosafirisha. Samaki hai wanaposafirishwa huwekwa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji theluthi moja, na theluthi mbili zilizobaki hujazwa oksijeni kutoka kwenye mtungi, kisha mfuko unafungwa kwa mpira. Kabla ya hapo hunyimwa chakula siku moja au mbili ili wasichafue maji. Kwa namna hiyo wanavumilia safari ya saa 24 na zaidi bila pampu yoyote. Kwa hiyo maji machache si tatizo ikiwa juu yake kuna hewa ya kutosha, na tangi lililojazwa mpaka ukingoni na kufunikwa kioo kisicho na tundu ndilo linaloua haraka.

Msisahau pia kwamba frontosa na wenzake, pamoja na kwamba baadhi yao huishi mbali kidogo chini, wote ni samaki wa tabaka la juu lenye hewa. Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, lakini kuanzia mita 100 hadi 200 na kitu kwenda chini hakuna oksijeni. Sehemu kubwa ya ziwa hilo haina samaki hata mmoja. Wale mnaowaweka sebuleni wamezoea miamba ya ufukweni inayopigwa na mawimbi mchana na usiku.

Mchangiaji wa 6

Fugeni kambale, acheni taabu. Kambale anapumua hewa ya juu, kamongo ndiyo kabisa.

Mwanzisha uzi

Mkuu hujakosea, na hata wale samaki wapiganaji wa rangirangi wanaouzwa kwenye vikombe huja juu kuvuta hewa, ndiyo maana wanavumilia. Ila mke wangu hatakubali kambale sebuleni.

Mchangiaji wa 7 (Mombasa)

Salaam alaikum. Ndugu zangu, mimi ni mama wa tangi la maji ya chumvi, na ningependa wenye matangi kama langu wasichukue hesabu za maji baridi wakazitumia zilivyo. Maji ya bahari hubeba oksijeni pungufu: kwa nyuzijoto 28 ni kama miligramu 6.4 kwa lita, si 7.8. Kwa hivyo tunaanza tukiwa nyuma. Tena matumbawe hayataki viputo peke yake, yanataka maji yanayokwenda. Mimi huweka pampu ndogo ya mkondo ya volti 24 yenye betri yake, nikaielekeza juu ili itikise uso wa maji, nikaipunguza mwendo mpaka iwe inakula kama wati 6.

Betri niliiweka mwanzo ndani ya kabati lililo chini ya tangi, na baada ya miezi michache vichwa vyake vikaota ukungu wa kijani kwa mvuke wa chumvi. Nikaihamishia nje ya kabati, nikavipaka grisi. Betri ya asidi inapochajiwa pia hutoa hewa inayoweza kushika moto, kabati lililofungwa si mahali pake.

Na kwa wanaotumia jenereta, tafadhalini isiwe ndani wala kwenye roshani iliyo karibu na dirisha. Moshi wake unaua watu kimya kimya, na pampu ya hewa iliyo karibu nao huusukuma ule moshi moja kwa moja kwenye maji.

Mchangiaji wa 2 (Sinza)

Ahsanteni wote. Swali langu la mwisho: umeme ukikatika na sina chochote, hata pawabanki imeisha, nifanye nini?

Mwanzisha uzi

Chukua jagi, chota maji ya tangi, yamwage kutoka kimo cha mkono hadi tangini, mara ishirini au thelathini hivi, kisha rudia kila baada ya nusu saa au uonapo samaki wanapanda juu. Toa kifuniko. Punguza maji kidogo ili yanapomwagika yaanguke kutoka juu zaidi. Usilishe. Kama una mimea mingi tangini, kumbuka kwamba gizani nayo inatumia oksijeni kama samaki.

Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usikimbilie kuwasha kichujio cha mtungi. Bakteria waliofungiwa humo humaliza oksijeni ndani ya muda mfupi, wanaanza kufa, na maji yaliyomo yanakuwa machafu yenye harufu ya yai bovu. Ukikiwasha hivyo unamwaga uchafu wote kwa samaki ambao tayari wamechoka. Kifungue, mwaga maji yake, suuza sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi na si ya bomba yenye klorini, ndipo uwashe. Na plagi zote zipitie kwenye kile kifaa cha kulinda friji kinachosubiri dakika chache, kwa sababu umeme wetu ukirudi huwa haurudi kwa upole.

Mwanzisha uzi (baada ya wiki mbili)

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Rilei nimefunga kama fundi alivyoelekeza. Jumamosi jioni nilizima swichi kuu ya nyumba makusudi, watoto wakalalamika kwamba katuni zimekatika, nikasikia "tik" na pampu ikaanza kuvuma. Nikasubiri viputo. Hakuna hata kimoja.

Nilihangaika na waya kwa robo saa nzima nikidhani betri haifikishi nguvu, nikapima, volti 12.7, sawasawa kabisa. Nikachomoa mrija na kuweka kidole kwenye tundu la pampu, hewa ilikuwa inatoka. Ndipo nilipoikagua ile vali ya njia moja niliyoifunga katikati ya mrija ili maji yasirudi na kumwagikia betri pampu inapolala. Ina mshale mdogo sana, hauonekani bila miwani, na nilikuwa nimeifunga kinyume. Kama ningesubiri umeme ukatike wenyewe usiku, pampu ingevuma mpaka asubuhi na mimi ningelala nikiisikia, nimeridhika.

Nimeigeuza. Sponji imeanza kububujika, swichi kuu nikaiacha chini kwa saa nane, na betri ikabaki na volti 12.5. Pampu pia nimeiinua juu ya usawa wa maji kwa msumari ukutani, ili siku vali ikichoka, maji yasipate njia ya kushukia.